Nilimkatia Mkwe Wangu Isale

Msihangaike kutafuta mchawi. Mchawi wa nyumba yangu nilikuwa mimi mwenyewe, na sijawahi kushika hirizi maishani. Nilitumia mdomo tu.

Jina langu sisemi. Jueni tu kwamba ni mama wa Kirua Vunjo, mjane, nimesoma mpaka darasa la nne la wakati wa mkoloni, na misa ya kwanza ya Jumapili siikosi. Haya ninayoandika hapa, hata padri nilimpunguzia.

Watoto wangu wakubwa walishatawanyika. Aliyebaki na mimi ni kitinda mimba wangu, na kwetu Uchagani kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi. Nitamwita Alosi. Alikuwa fundi wa magari Moshi mjini, anapanda nyumbani kila Jumamosi. Akifika njaa inamuuma, na mimi nimeshampikia kiburu, ndizi zetu na maharage, namngoja mlangoni. Alikuwa anakula mpaka anakwangua chungu. Mnicheke mkitaka, lakini hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu ya wiki nzima.

Kisha akaoa Msambaa.

Vero (nalo si jina lake) alilelewa karibu na masista huko Lushoto, akajifunza kwao kulima mboga na kuoka mikate. Alikuwa mpole, shikamoo zake anapiga magoti. Nilimtafutia kasoro mwezi mzima sikuipata, na hilo nalo likanikasirisha.

Miaka ile kahawa ilikuwa imekwisha thamani, watu wanaiacha iliwe na wadudu. Alosi akang'oa mibuni ya marehemu baba yake nyuma ya nyumba, akampa mkewe pale alime bustani. Mibuni ile mume wangu aliipanda kwa mikono yake, na kaburi lake lilikuwa palepale karibu. Niliona karoti zinachomoza mahali pake, nikahisi nimetemewa mate. Nilisema, "Zimeota vizuri mama, hongera."

Na kweli ziliota. Karoti, kabichi, vitunguu, mchicha wa kukata na kukata tena. Pembeni alipanda kichaka kimoja alichokuja nacho kutoka kwao, majani membamba kama sindano, yananukia ukiyagusa. Aliniambia ni rozmari, masista wanatia kwenye mkate. Nasisitiza hapo. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, na mimi nikasikia.

Mkate alikuwa anauoka kwa sufuria. Sufuria kubwa, mchanga chini, ndani yake makopo ya maziwa yenye unga uliokwisha kuumuka, anafunika, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Unga wa ngano ulikuwa umeanza kupatikana madukani bila kupanga foleni. Hamira alikuwa hanunui. Alikuwa anakuja kuniomba kikombe cha mbege yangu, pombe yetu ya ndizi, ndiyo anaumulia. Kwa hiyo hata mkono wangu ulikuwemo kwenye ule mkate, kama ningekuwa na akili ya kuliona hilo.

Jumamosi moja Alosi akaja, akapita mlango wangu na kiburu changu kinatoa moshi, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mkewe. Nikamsikia anacheka huko. Akaniletea kipande cha mkate wa karoti, bado cha moto. "Mama, onja hiki. Mjini hakuna kitu kama hiki."

Nikaonja. Kilikuwa kitamu. Nikamwambia nina kiungulia.

Kiburu kile niliwamwagia nguruwe. Na asubuhi nilikula ule mkate na chai, peke yangu, vipande vitatu. Nilikuwa naula kila siku, mnanielewa? Hakuna aliyekuwa anakula mkate wa Vero kuliko mimi.

Uongo wenyewe niliusema tukiwa tunachuma mboga ya mnafu, mimi na jirani yangu Mama Gaudensi. Yeye ndiye alianza kumsifia mkwe wangu. Oh, siku hizi watoto wa huku wanamwita Mama Mkate. Oh, Alosi amenenepa. Nikamwambia, "Amenenepa ndiyo. Lakini umeyaona yale majani kule pembeni ya bustani? Yeye mwenyewe hayali. Anatia kwenye mkate wa mwanangu tu."

Mama Gaudensi akasimama na mnafu wake mkononi. "Limbwata?"

Nikamwambia, "Mimi sijasema. Umesema wewe."

Basi. Mjinga mimi nilidhani nimemsengenya mkwe wangu kidogo tu, nimepumua. Lakini mdomo wa Mama Gaudensi ulifika Himo kabla mnafu wake haujaiva. Wateja waliokuwa wananunua mkate wake wakaanza kupungua. Watoto wakakatazwa kupita kwetu. Vero akawa anakaa na mikate yake kwenye ungo mpaka inakauka, haelewi, ananiuliza, "Mama, nimekosea chumvi?" Nikamjibu labda.

Huko gereji wenzake Alosi wakaanza kumtania. "Mangi, wewe umefungwa kwa slesi." Kijana wangu si mtu wa kutaniwa. Akapanda siku ya kazi, akaniita nyuma ya zizi.

"Mama, niambie ukweli. Vero ananitilia kitu kwenye chakula?"

Ndugu zangu, pale ndipo yangeishia. Neno moja tu lilitakiwa. Nilimtazama usoni, mtoto niliyemnyonyesha mpaka akatembea, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu aoe amekuja kwangu kabla ya kwenda kwa mkewe. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikamwambia, "Mimi sijui, mwanangu. Mimi nimeona majani tu."

Tangu siku hiyo akawa hagusi chakula cha mkewe. Anasukuma sahani, anakuja kula kwangu. Vero akakonda. Alikuwa ananyonyesha, binti wao Neema ndiyo anajifunza kukaa. Akaja kwangu analia, akanishika miguu. "Mama, wewe ni mzazi wangu huku, sina mwingine. Nifanye nini mume wangu anirudie?"

Sasa hapa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoua.

Sisi tuna jani linaitwa isale. Ni lile refu la kijani tunalolipanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la nyumbani. Mtu akikukosea, hata kama kakuulia ng'ombe, akikuletea isale lazima usamehe. Huruhusiwi kukataa. Lakini vilevile, anayelibeba amekiri. Haulizwi kosa gani, haelezi, jani limeshasema. Mchagga yeyote analijua hilo kabla hajaota meno. Msambaa atalijulia wapi?

Nikamwambia Vero, "Sisi huku tukitaka amani ndani ya nyumba, mwanamke anambebea mumewe isale mbele ya ukoo. Ni heshima tu. Anapiga magoti anasema, naomba yaishe."

Akanikumbatia. Akasema, "Asante mama."

Nilienda mpakani na kisu nikalikata mwenyewe. Nilichagua zuri lisilo na doa, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikamkabidhi.

Jumapili baada ya misa tukakusanyika kwa shemeji yangu mkubwa, meku, yaani mzee wa ukoo. Watu walikuwa wanakunywa mbege, wanaongea. Vero akaingia na kitenge chake kizuri, mtoto mgongoni, isale mikononi. Watu wakashusha vikombe. Akapiga magoti mbele ya Alosi na kusema kama nilivyomfundisha, kwa sauti ya kusikika: "Baba Neema, naomba yaishe."

Alosi alibaki amekodoa macho. Nafikiri mpaka dakika ile alikuwa bado anatumaini ni maneno ya watu. Meku akamwambia, "Pokea. Huwezi kukataa." Akalipokea. Akasema amesamehe. Machozi yalikuwa yanamtoka. Vero akayaona, akatabasamu, akadhani ni ya furaha.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Kumbe ni kweli." Nikanywa mbege yangu.

Tulipofika nyumbani Alosi alichukua jembe. Hakuvua hata shati la kanisani. Aling'oa bustani nzima, karoti changa, kabichi hazijafunga, ile rozmari akaing'oa na mizizi yake na kuichoma. Vero anamfuata nyuma, "Baba Neema, si umesema umesamehe? Umesamehe nini basi?"

"Dawa uliyoniwekea! Si umekiri mwenyewe mbele ya ukoo?"

Akasimama katikati ya ule udongo uliovurugika. Akageuka kunitazama. Mimi nilikuwa kibarazani namenya ndizi. Hakupiga kelele wala hakunitukana. Alisema maneno mawili: "Mama, ulijua."

Niliendelea kumenya.

Aliondoka kesho yake na mtoto wake. Hakuna mtu wa ukoo aliyemzuia. Nilimsikia meku akisema ni wa kike, acha aende naye. Hiyo ndiyo kauli tuliyomuagia mjukuu wangu. Siku ile nilipika kiburu na mwanangu akakila, nikajiona nimeshinda.

Ushindi wenyewe haukufika masika. Alosi alianza kushuka mjini na kukaa huko wiki mbili, tatu. Kwangu anakula kidogo, baadaye akawa ananiangalia ninavyopakua, mkono wangu unaenda wapi. Akapata mwanamke mjini, akamwacha kwa sababu alimtengea chakula kilichofunikwa. Akapata mwingine, akampiga kwa ajili ya mchuzi. Akawa mtu wa chai na sigara na mayai anayochemsha mwenyewe. Mara ya mwisho kabla sijasema ukweli, suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, na madaktari wanamwambia ana vidonda vya tumbo. Kijana aliyekuwa akikwangua chungu.

Nikashindwa. Nikamkalisha, nikamwambia yote. Kwamba majani yale ni kiungo cha mkate. Kwamba mimi nilikuwa nikila mkate uleule kila asubuhi. Kwamba isale nililikata mimi.

Nilitegemea anipige. Angenipiga ningeshukuru. Aliuliza kitu kimoja tu, taratibu: "Na alikuwa hajui maana yake?"

Nikasema, "Alikuwa hajui."

Akaenda Lushoto. Aliniambia mwenyewe yaliyompata, kwa kunikomoa nadhani. Alimkuta Vero anaokea mikate nyumba ya wageni ya masista, ana bustani kubwa kuliko ile. Binti yake, damu yangu, alimpa shikamoo akamwita mgeni, akamkaribisha kiti. Alosi alianguka magotini palepale kwenye unga. Vero hakumfukuza. Alipangusa mikono akamwambia, "Baba Neema, mimi msamaha niliomba, mbele ya ukoo wako wote, na kosa sina. Sasa nikuongezee nini?" Kisha akarudi kwenye sufuria zake kwa sababu mikate ilikuwa inaungua.

Mwanangu hajaoa mpaka leo. Kuja nyumbani anakuja, kwa sababu ni Mchagga na Krismasi lazima mtu apande kwao, na kaburi la baba yake liko hapa. Anafagia kaburi, anaweka maua, ananisalimia vizuri. Sitasema hanisalimii.

Krismasi iliyopita niliamka mapema nikachinja jogoo, nikampikia machalari, zile ndizi zetu za nyama. Nilipika kwa mafuta ya ng'ombe kama anavyopenda. Nilimtengea hapo nje ambapo kila mtu anaona, nikafunua sufuria mbele yake, nikaonja mimi kwanza kwa kijiko chake. Akasema, "Asante mama." Akachukua sahani, akapiga mluzi, mbwa akaja.

Akamwekea chini. Mbwa akala. Alosi akachuchumaa pembeni anamtazama, mkono uko kwenye tumbo lake linalouma, na mimi nimesimama na upawa. Mbwa alimaliza akalamba sahani. Nikadhani sasa atapakua. Alingoja sana, akatazama saa, akasimama.

"Mama, mimi nimeshakula mjini."

Alikuwa hajala. Nilimzaa mimi, najua akiwa na njaa anavyokuwa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, unadhani naweza kukutilia sumu?"

Akanijibu bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto. "Sijui, mama. Mimi nimeona chakula tu."

Mama mwenzangu unayesoma haya, na mkwe wako yuko jikoni anapika vizuri kuliko wewe: meza wivu wako. Mwambie mwanao mkewe anajua kupika, ule na wewe, unyamaze. Utaumia, najua, lakini utaumia ukiwa umekaa nao meza moja. Mimi mwaka huu nitachinja tena jogoo, na atakayekula ni mbwa.