Siku Papa Aliponiita Nikanyamaza

Nilipokuwa mtoto, msituni sikuwa na jina. Nyumbani niliitwa Kavira, shuleni Kavira, na Papa akikasirika aliniita Kavira kwa sauti iliyowafikia majirani wa ng'ambo ya barabara. Lakini tukishavuka lile gogo lililofunga njia ya kuingia msitu wa serikali, nyanya yangu hakulitamka tena. Alinigusa bega, au alipiga mluzi.

Nyanya huyo, mama wa mama yangu, tulimwita Koko. Alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge, na kuhusu misitu alikuwa na neno moja ambalo hakulibadilisha mpaka anazikwa: ndani yumo mwenye kuita. Huyo hana sura. Kazi yake ni kusikiliza watu wanavyoitana na kuyashika majina yao, na siku ukiwa peke yako anakuita kwa sauti ya mtu unayempenda. Ukiitika, basi, miguu yako inamfuata yeye.

"Musitu inajua majina ya batu," aliniambia, "sababu batu benyewe njo banaifundisha."

Papa alikuwa akicheka. Yeye alitoka Kivu ya Kaskazini, kwenye ukoo wa wafanyabiashara Wakatoliki wanaouza kila kitu kinachouzika, akaamua kuwa mlinzi wa msitu karibu na Kisangani. Ndugu zake hawakumwelewa hata siku moja. Tuliishi mita chache kutoka kwenye gogo lile, ambalo sote tuliliita bariera, na yeye ndiye aliyelifungua na kulifunga.

"Koko, mi natembea humu kila siku," alimwambia. "Hakuna mutu alishaniita."

"Hakuna mutu anakutafuta," Koko akajibu, akaendelea kutwanga pondu yake, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Hivyo ndivyo walivyopendana hao wawili. Kwa jambo moja tu walikubaliana, nalo ni majani. Msimu wa mbinzo, wale viwavi wanono tunaowala huku, serikali iliwaruhusu watu wa vijiji kuingia kuokota, na wote waliingia kwa bariera. Kila aliyeingia alichukua jani la mangungu, yale majani mapana ya kufungia samaki, akalipiga fundo na kulichomeka kwenye uzio. Akitoka, analing'oa la kwake. Jani likibaki, mtu amebaki. Hakuna aliyejua desturi hiyo ilianza lini, na Papa, mtu wa kubishana na kila kitu, hakubishana nayo.

Kuna kitu kingine nilichopewa na Koko, na bila hicho nisingekuwa naandika haya. Kwao Yanonge kila mtu ana jina la ngoma, refu, linalopigwa juu na chini mpaka linasema kama maneno. La kwangu lilisema: mtoto aliyekuja na mvua, mjukuu wa wavuvi wa Yanonge. Ile ngoma kubwa ya gogo ilikuwa ya wanaume, na Koko hakuigusa. Lakini ile mizizi mikubwa inayosimama kama mbao ubavuni mwa miti haikuwa mali ya mwanamume yeyote, na ukiipiga kwa fimbo inavuma mbali kweli. Alinifundisha kulipiga jina langu hapo, na kulijibu.

"Hii huyo hawezi kuisema," alisema. "Iko na mudomo, lakini haina mikono."

Siku yenyewe Mama alikuwa amekwenda Ubundu kwa gari la moshi kununua samaki. Nilikuwa nimetoka tu kung'oka meno ya mbele. Niliingia na Koko pamoja na wanawake wa kijijini, na Papa mwenyewe alinifunga jani langu kwa sababu fundo langu lilikuwa linafunguka. Mbinzo walikuwa wengi ajabu. Tulikuwa tukiinama na kuinuka, kila mtu na kikapu chake, tukisogea mti hadi mti, hata mvua ilipokuja hakuna aliyekuwa ameitazama mbingu.

Ilikuja na upepo na matawi yakaanza kuanguka. Wanawake walitawanyika kila mmoja na njia yake. Koko alidhani nimekimbia na Mama Bea, jirani yetu. Mama Bea alidhani niko na Koko. Mimi nilimfuata mwanamke mwenye kitenge chekundu, na nilipomfikia niliona ni ua la msituni linalopigwa na upepo. Nikajibanza kati ya mizizi miwili ya mti mkubwa nikiwa na kikapu changu kifuani, nikalia mpaka mvua ikaisha na machozi yakaisha.

Kule bariera watu walikuwa wakitoka wamelowa, wakicheka, kila mmoja aking'oa jani lake. Wakaenda zao. Jani moja likabaki, lenye fundo la Papa.

Yaliyofuata kule nilisimuliwa baadaye na Mama Bea, tena mara nyingi. Koko alitaka kurudi ndani palepale. Papa akamzuia, akamwambia kwa ukali ambao hakuwa nao kwake, "Bon, Koko, unabaki hapa. Na ile mambo yako ya mapepo, leo hapana!" Akaingia na walinzi wenzake wawili.

Nami nikamsikia.

"Kavira! Kavira eh!"

Ilikuwa sauti ya Papa, kabisa. Nilisimama, nikafungua kinywa, na ndipo nilipokumbuka. Msituni sina jina. Nikaketi tena, nikajifunika mdomo kwa mikono miwili. Sauti ikakaribia. Iliniita kwa jina, ikaniita tena kwa jina la mapenzi, Kavi, ambalo Papa alilitumia ninapoumwa tu. Nikawaza: huyu amejifunza vizuri.

Alipita karibu sana. Niliona majani yakitikisika. Sikuchungulia, maana niliambiwa kwamba huyo hana sura, na sikutaka kuona mtu asiye na sura. Kisha alisimama, na nikasikia analia. Alilia kwa sauti, kama mwanamke aliyefiwa, huku akilitaja jina langu.

Hapo nikawa na hakika. Papa yangu hakuwahi kulia. Alipozikwa mama yake hakulia. Basi aliyekuwa akilia pale hakuwa Papa. Nikabana pumzi mpaka akaenda.

Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Alikuwa karibu kiasi cha kumrushia mbinzo.

Jua lilikuwa linashuka, na huku kwetu likishashuka halisubiri mtu. Papa alirudi bariera peke yake, matope mpaka magotini, wenzake wakiwa bado wanatafuta upande wa pili. Koko alikuwa amesimama pale pale, ameshika lile jani.

"Ulimuita namna gani?" akamuuliza.

"Namna gani, namna gani! Na jina yake! Alors mutoto banamuita na nini?"

"Njo maana," Koko akasema. "Anakusikia. Anakukatala."

Mama Bea anasema Papa aliinua gogo la bariera mwenyewe. Koko akachukua mchi wake wa pondu jikoni, akaingia msituni, na Papa akamfuata nyuma.

Mimi nilikuwa nimeanza kusinzia kwa baridi. Kwanza nilidhani ni moyo wangu. Kisha ikaja tena, juu, chini, chini, juu: mtoto aliyekuja na mvua. Ikanyamaza. Ikaja tena, karibu zaidi: mjukuu wa wavuvi wa Yanonge. Nikajua ni Koko. Sijawahi tena kupata raha kama ile, na nimepata raha nyingi, nimeolewa, nimezaa. Niliokota tawi nikaanza kuupiga mzizi wangu. Nililipiga hovyo, nikaruka nusu ya jina, nikarudia. Wakajibu. Nikapiga. Wakajibu.

Koko alitokea kwanza, kisha Papa. Papa aliniinua na kikapu changu, mbinzo wakamwagika kote. Alipotambua ule mti alisimama.

"Nilipitaka hapa," akasema. "Kavi, nilipitaka hapa hapa."

"Nilikusikia, Papa."

"Na haukujibu?"

"Ulikuwa unalia."

Alinibeba mpaka nyumbani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, na kifua chake kilikuwa kikiruka ruka njia nzima. Koko alitutangulia na mchi wake begani, akiimba wimbo wa kanisani. Kule bariera alinipa lile jani nilifungue fundo mwenyewe. Vidole havikuweza, Papa akanisaidia.

Leo mimi ndiye ninayesimamia njia za wageni katika msitu ule ule. Jumapili watu wa Kisangani wanakuja na sufuria zao, na watoto, na muziki ambao nawaomba waupunguze. Tumesafisha njia mpaka kijito, tumejenga vibanda vya kupumzikia. Majani ya mangungu yapo bado. Pembeni ya bariera tumelaza gogo lenye uwazi na mchi juu yake, na kila familia kabla ya kuingia inachagua mdundo wake na kuwafundisha watoto. Wengi wanaanza kwa kucheka. Nawaacha wacheke. Wakitoka, watoto wao ndio hawataki kuliacha gogo.

Watu huniuliza kama naamini kwamba msituni kuna anayeita. Imani ya Koko karibu inipoteze kule ndani moja kwa moja, na ni imani hiyo hiyo iliyonitoa. Siwezi kuikata katikati nikachukua kipande. Ninachojua kwa hakika ni kwamba Papa alilia kwa ajili yangu, na mimi sikumtambua kwa sababu sikuwa najua kwamba angeweza.

Yeye amestaafu siku nyingi, lakini anakuja kukaa bariera, kwenye kiti chake, akibishana na madereva wa pikipiki. Jua likianza kushuka nami bado niko ndani, anaangalia uzio, anaona jani langu, anachukua mchi. Koko alimfundisha kulipiga jina langu la ngoma kabla ya kufa, naye hakulishika sawasawa. Panapotakiwa kushuka yeye anapanda, kila siku pale pale, hata Koko alikata tamaa.

Sijamwambia arekebishe. Nikilisikia jina langu limekosewa vile, najua ni nani anayeniita, nami naitika.