Arobaini ya Madame

Alhamisi, tarehe 11 Machi 1999, daftari la mpakani liliandika kwamba Zulaikha Latifu, fundi cherehani wa Kamembe, Rwanda, ameingia kutoka Bukavu na “mche mmoja, ndani ya kopo la maziwa”. Karani aliuliza kama ni chakula au dawa. Zulaikha akajibu si chakula wala dawa.

Ulikuwa mshubiri mdogo kama ngumi, wenye mistari ya manjano ambayo mishubiri ya huku kando ya mto Rusizi haina. Alipewa na Mzee Kabera, mtunza bustani wa nyumba ya Bukavu iliyoachwa na bibi wa Kizungu vita vilipoanza. Kabera alikuwa na miwili tu, akabaki na mmoja.

“Ikizala, uniletee mutoto moja,” alimwambia.

Zulaikha akauita Madame.

Mwaka uliofuata mche wa Kabera ulioza. Mpangaji mpya, kwa wema wake, aliumwagilia kila asubuhi. Sasa ulibaki ule wa Kamembe peke yake, na haukuwa umezaa.

Barazani kwa Zulaikha kulikuwa na makopo thelathini. Alichanganya mchanga, kokoto na makaa yaliyopondwa, akapima maji kwa kastabani yake ya kushonea, baada tu ya kubonyeza jani na kuliona limelegea. Majirani walisema wenzake wanapanda maharage, yeye analea miiba. Alizidi kuyapanga makopo mbele, yaonekane toka barabarani.

Julai 2001 alikwenda harusini Bugarama kwa siku tatu. Nyuma yake, kuku wa jirani yake Honorine, Mnyarwanda aliyekulia Congo, wakaanza kufa. Rusizi nzima inajua dawa yake: igikakarubamba, yaani mshubiri, hupondwa na kutiwa kwenye maji ya kuku. Honorine akachukua kisu, akakata kichwa chote cha Madame.

“Maman Zulaikha, nilizania zote ziko sawa,” alisema Zulaikha aliporudi.

“Kuku ngapi zilipona?”

“Moja tu.”

“Basi ile moja usiichinje. Iko na Madame ndani.”

Zulaikha alipaka jivu kwenye kidonda. Kisha akaamua kisiki kipewe arobaini, kama mama aliyejifungua: kivulini, bila kuguswa, bila tone la maji. Honorine alikuja kila juma na kikombe cha maji mkononi, akarudishwa nacho kimejaa.

Siku ya arobaini na tatu vilitokeza vichipukizi vitatu pembeni mwa kisiki. Zulaikha alimwita jirani yake avihesabu mwenyewe.

“Unaona? Kisu yangu ndiyo ilizalisha,” Honorine alisema.

“Kisu ilikata. Kulea ni mimi.”

Leo, Aprili 2002, watoto wote watatu wana mistari ya manjano. Jumapili Zulaikha atavuka daraja na mmoja wao, bila udongo, mizizi ikiwa imekaushwa, aliyefungwa ndani ya gazeti, kumpelekea Mzee Kabera.