Mapipa Matatu ya Maji ya Mvua

Mwaka ule sikuweza kukaa kitini. Nilikuwa karani wa mapokezi katika kituo cha afya hapa Newala, kwa mkataba wa muda, na moyo wangu ulikwisha kuhamia Masasi, kwenye kikundi cha vijana wanaoandika. Walikutana kila Jumamosi, wakasomeana kurasa zao na kugombana mpaka koo zikakauka. Mimi niliandika riwaya yangu nyuma ya fomu zilizoharibika. Nasimama, naenda dirishani, narudi, nafuta. Nilingoja Agosti tu, mkataba uishe, niteremke.

Ndiyo maana niliposikia kwamba unaletwa mtambo wa kuchimba, sikusikiliza hadi mwisho. Nilifika nyumbani nikamwambia mama, huku navua viatu, "Wanakuja kuchimba kituoni." Basi. Nikaingia chumbani kuandika.

Mtu wa kwingine angeuliza wanachimba nini. Mtu wa Newala haulizi. Juu huku mchanga hunywa mvua yote na kuificha mbali sana chini. Ukisikia kuchimba, ni maji. Kila nyumba yenye bati ina kisima chake cha saruji uani, kinachopokea mvua ya paa. Mfuniko una kufuli, na ufunguo hukaa kwa mama mwenye nyumba. Wa mama yangu ulikaa kwenye pindo la kanga. Maji ya masika ndiyo yalipaswa kumfikisha Desemba, maana goti lake lilikwisha kukataa njia ya bondeni kwenda kuteka.

Kwa maneno yangu yale, mama alifungua kufuli. Jirani alikuwa anamtoa mwali wake unyagoni, wageni wamekuja hadi kutoka Tandahimba, na ngoma haipikiwi kwa mate. "Chukueni," mama aliwaambia. "Chukueni, bomba linakuja." Wenye visima wengine nao wakafanya hivyo hivyo.

Mtambo ulipoanza kunguruma nyuma ya wodi ya wazazi, ndoo zilikuwa zimeshapangwa foleni. Mama alileta mbili. Fundi mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alizima injini akaja kuzungumza na kina mama. Haya si mashimo ya kuteka maji, alisema. Ndani yatashushwa mabomba yenye maji yanayozunguka. Kule chini ardhi haijui Julai wala Novemba, joto lake ni lile lile. Wakati wa baridi maji yatalibeba joto hilo, mashine italikamua na kulikoleza, chumba cha watoto wachanga kipate vuguvugu. Wakati wa jua kali itageuzwa, itoe joto chumbani ikalifukie ardhini.

"Kwa hiyo yanashuka, yanapanda, na hayatoki?" mmoja aliuliza.

"Hayatoki, mama."

"Hata kikombe?"

"Hata kikombe."

"Basi dada, ungeendelea kutoboa kidogo tu ungetokea Msumbiji, wenzetu wakakupa ya kunywa!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mama hakucheka. Alinitazama juu ya ndoo zile zote, akainua zake mbili, akaondoka akichechemea.

Mashimo yalikamilika, mabomba yakashushwa, ukafika wakati wa kuyajaza. Gari likaleta maji. Fundi aliyachemsha kwenye birika, akatuonyesha utando mweupe uliobaki ndani. Haya yataziba mashine, alisema. Nataka maji ya mvua, mapipa matatu.

Mapipa matatu, mwezi wa Julai, baada ya ngoma ile! Muuguzi mkuu alizunguka nyumba kwa nyumba, akarudishwa mikono mitupu. Jioni akabisha kwetu. Nilijua anachotaka, nikashindwa kusimama mahali pamoja. Nilipanga vikombe, nikavipangua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata maji."

Muuguzi hakuzungusha maneno. Upepo wa bondeni unaingia wodini na ukungu wake, alisema. Tumeziba madirisha kwa maboksi. Hita za umeme tukiwasha mbili, umeme unakatika. Wazazi wanawafunga watoto kifuani siku nzima, hawathubutu hata kujigeuza.

"Najua. Nimezaa humo humo," mama alisema. "Yakiisha, mimi nitakunywa nini? Joto?"

Mama akanigeukia. "Jibu wewe. Si wewe uliyeniletea habari?"

"Nitateka mimi. Bondeni."

"Siku ngapi? Mbili?"

"Mpaka mvua."

"Na Masasi kwako?"

Kurasa zangu zilikuwa mezani, ya mwisho imeishia nusu. Nilitaka kusema kwamba watu huandika popote, lakini sikuliamini jambo hilo hata kidogo.

"Sitaondoka mpaka mvua," nikasema.

"Sista, umesikia. Wewe ni shahidi." Akafungua pindo la kanga.

Tulipokwisha kuchota pipa la tatu, mama aliinama juu ya kisima, akapiga ukuta wake kwa kiganja, akasikiliza. Kisha akafunga kufuli.

Siku mbili baadaye alikwenda wodini kujionea mwenyewe. Alitandaza mkono mbele ya matundu ya hewa, akakunja uso. "Pumzi ya mbuzi," akasema. Kitandani, mzazi mmoja alikuwa ameliacha blanketi likateleza hadi kiunoni, mtoto amelala kifuani pake, mzazi naye amelala, mdomo wazi. Mama alimwangalia muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ndoo ya nyumbani haivuji.

Agosti ilipita. Kutoka Masasi waliniuliza nakuja lini, baadaye wakaacha kuuliza. Oktoba kisima kilitoa sauti ya kopo linalokwangua saruji. Kila alfajiri nilishuka bondeni na kupanda, shingo ikiwaka, sentensi zikinijia njiani na kumwagika kabla sijafika. Novemba nilipita nyuma ya wodi nikiwa na ndoo kichwani, nikasikia mashine ikivuma, wazazi wakipiga soga katika ubaridi wake, nje jua la adhuhuri likichoma. Nilitamani kuipiga teke. Nilisimama kuisikiliza pia.

Asubuhi moja bati liliita. Nilitoka mbio uani bila viatu, nikainua uso, nikafungua mdomo. Masasi! Nilikuwa nimeshafika.

"Geuza mfereji," mama alisema kutoka mlangoni.

"Mama, ni mvua!"

"Hiyo ni ya kuosha bati. Ina vumbi la miezi saba na mavi ya ndege. Geuza."

Niligeuza mdomo wake nje ya kisima. Maji niliyoyangoja tangu Julai yalimiminika kahawia mchangani, yakazama, na kabla sijapangusa uso jua lilikuwa limerudi. Mama alitazama mawingu, akatikisa kichwa. Nikachukua ndoo, nikashika njia ya bondeni.