Saini Niliyoweka kwa Jina la Mama wa Kagunga

Habari zenu wote mnaosoma hapa. Admin, jina langu lifiche, na majina yote humu nimeyabadilisha. Nina miaka hamsini na sita, naishi Katubuka hapa Kigoma, nauza mawese na samaki wakavu, migebuka, soko la Mwanga. Shule niliishia darasa la saba, lakini watoto wangu wanne wote wamesoma, na huyu wa mwisho, tumwite Mwamvua, ana digrii mbili. Mbili jamani! Baba yao alifariki Mwamvua yuko kidato cha pili, nikamsomesha kwa mikono hii hii. Nikijivuna mnisamehe.

Mwanangu anafanya kazi chuo kikuu, ofisi ya ruzuku na mahusiano na wafadhili. Mwanzo sikuielewa, nikawa nawaambia wenzangu sokoni kwamba mwanangu anawaandikia Wazungu barua na Wazungu wanajibu. Akacheka: "Mama, hujakosea sana." Wako watatu tu, yeye, mwenzake Festo na mkuu wao. Walimu wa chuo wanaleta mawazo, wao wanayageuza kuwa andiko la kuomba fedha, wanatafuta taasisi ya kulipokea, wanakimbizana na viambatisho, wanatuma. Siku ya mwisho ikipita hata dakika moja, mtandao unafungwa, ulie usilie.

Mwaka jana walikuwa na andiko la kuwasaidia kikundi cha akina mama wa Kagunga, kijiji cha mbali huko ziwani, wakaushe dagaa juu ya vichanja badala ya mchangani. Wafadhili walitaka barua ya kikundi chenyewe kukubali, yenye saini ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni Mama Editha, na kwa simu alishakubali kabisa: "Andika mwanangu, sisi tunataka." Barua ilikuwa isainiwe kule irudi na boti. Siku ile ziwa likachafuka, boti hazikutoka, na siku ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Mchana nikamwona mwanangu anakuja kwenye meza yangu sokoni, karatasi kwapani, jasho linamtoka.

"Mama, nisainie hapa. Mkono wangu ofisini wanaujua."

"Na mwenyewe je?"

"Amekubali Mama, ni boti tu imetuangusha. Nisipotuma saa hii, kazi ya miezi mitano imekufa."

Nikafuta mawese kwenye kanga, nikaweka saini. Na mimi sipendi mambo nusu nusu. Niliizungusha ile saini, nikaivuta mkia, nikapiga na mstari chini, nikamwambia, "Wajue na Kigoma watu wamesoma." Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka.

Andiko likapita. Niliwanunulia soda meza zote za mstari wetu, nikatamba mpaka wakanichoka.

Sasa wafadhili wameandika kwamba wanakuja kutembelea mradi. Juzi Festo alikwenda Kagunga kuandaa ugeni, akarudi na karatasi ya mahudhurio ya kikundi. Kwenye jina la Mama Editha kuna dole gumba. Mama wa watu hajui kuandika, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Festo akatoa ile barua kwenye faili, akaziweka pamoja mezani, akamwambia mwanangu, "Dada, huyu mama mwaka jana alijua kuandika, mwaka huu kasahau?"

Mwamvua akaanza kuzikusanya zile karatasi, Festo akamzuia mkono.

"Mkuu anarudi safari Jumatatu. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi. Nina watoto, sifungwi kwa kalamu ya mtu."

Festo simlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo mwanangu hali chakula. Jana alinipigia magoti, mtu mwenye digrii mbili, ananiomba niende Kagunga nikae na Mama Editha tuongee Kiha, mama kwa mama, nimsihi aseme alimtuma mkwewe amsainie. Nikamuuliza, "Nimfundishe mwenzangu uongo mbele ya wageni wake?" Akasema, "Mama, wakijua saini ni ya kughushi watafunga mradi wote. Mimi kazi basi, na polisi juu." Nikamwambia basi nitakwenda kwa mkuu wenu niseme ni mimi. Akanishika kanga: "Ukisema ni wewe, watauliza karatasi ulipewa na nani!"

Tukiwa hapo hapo simu ikaita, Mama Editha mwenyewe. Mwamvua akaweka sauti nje, ikatoka salamu ya Kiha: "Mwakeye, mwanangu! Vichanja tumevimaliza, tumeshona na vitenge vya kupokea wageni." Anafurahi, anacheka. Tulitazamana na mwanangu, akamwambia hongera, akakata simu.

Ndugu zangu, naogopa. Gari likisimama nje nachungulia dirishani. Leo mteja aliniomba nimwandikie namba yangu ya simu kwenye karatasi, nikaogopa kushika kalamu, nikamtajia kwa mdomo. Na kinachonila zaidi ni kwamba pale sokoni mkubwa nilikuwa mimi. Alikuja amechanganyikiwa, akitafuta mtu. Ningesema "hapana mwanangu" angenuna wiki moja, yakaisha. Nilisema ndiyo kwa sababu niliona raha kuwa na mtoto wa ofisini anayehitaji mwandiko wangu.

Boti ya Kagunga inatoka Kibirizi Jumamosi asubuhi. Nikipanda, mwanangu huenda akapona, lakini nitakuwa nimemwingiza mama asiye na kosa kwenye uongo wetu. Nisipopanda, Jumatatu nimpeleke Mwamvua kwa mkuu tukaseme ukweli wote wawili, na huenda nikamtoa kazini kwa mkono wangu mwenyewe, na wale akina mama wakakosa kila kitu. Yeye ananisubiri nimjibu. Nyie mliozaa, na nyie mnaozijua ofisi hizi, nishaurini. Nitukaneni mkitaka, lakini mnijibu kabla ya Jumamosi.