Miguu ya Kinanda

Nilikosea herufi moja tu, mimi msomi wa sekondari. Bendi yetu ya Tabora ilipata kinanda cha umeme, nami mpigaji nikaambiwa nitafute miguu ya kukiwekea. Kwa uvivu wa kutoka nyumbani, nikamwandikia fundi seremala wa mtaa wa Cheyo: iwe imara, ya kukunja, nyepesi kubeba. Ikaja ndani ya gunia, nikaibeba kwa mkono mmoja, furaha tele. Sikuifungua mpaka jukwaani, kwenye kijiji cha ujamaa karibu na Nzega, umati ukingoja kukisikia kinanda.

Kikakunjuka kitanda cha safari. Niliandika “miguu ya kitanda”; fundi, kwa wema wake, akaongeza turubai.

Salumu, jirani yangu mpiga ngoma, akasogelea kipaza sauti: “Ndugu, tunajua hupendi kutoka nyumbani, lakini hata dansini umekuja kulala?”