Kopo la Kalamu Alilolikataa Annonciata

Huko Muheto, Annonciata alijulikana kama mama anayerudisha sura za marehemu. Vita vilipowakimbiza watu, wengi waliacha picha nyumbani, na nyumba zikaungua nazo. Waliporudi mlimani walimwendea na maneno matupu: pua ilikuwa hivi, paji la uso kama la shangazi yake. Naye, akishatoka kwenye shamba lake la maharage, alikaa akasikiliza, akachora mpaka mwenye msiba aseme inatosha.

Alianza na makaa ya jikoni, kisha kalamu za rangi za wanafunzi. Sura zilitoka, ila ngozi ilikuwa kama ukuta uliokwaruzwa. Ndipo akasikia kwamba ziko kalamu ambazo ukishachora nazo, ukapitisha burashi yenye maji, mistari inayeyuka na kuwa rangi laini.

Siku ya soko alishuka Kitchanga kwa Papa Evode, muuza vifaa vya shule. Evode alimwekea mezani boksi lenye kila rangi ya duniani, bei yake haifiki hata ya kuku. Wingi ule kwa bei ile ulimtia wasiwasi, na tena Evode alikuwa anatabasamu mno.

"Papa Evode, uniache nijaribu kwanza."

Akachora kwenye kipande cha katoni, akalowesha kidole, akasugua. Mstari ulibaki palepale, ukitoa unga kama chaki. Evode akasingizia kwamba maji ya kidole hayatoshi. Alipoona mama haondoki, akainama chini ya meza akatoa kalamu nyingine, za kuuzwa moja moja, ghali zaidi. Hizo ziliyeyuka. Alichokuwa nacho Annonciata kilitosha chache tu, akachagua kahawia, njano ya udongo, nyekundu na buluu iliyokolea. Nyeusi aliiacha, maana kahawia na buluu zikikutana majini huzaa weusi wenye uhai. Na kila moja aliijaribu tena kabla ya kulipa, asije akabadilishiwa.

Nyuma yake alisimama mwanaume akitazama. Baada ya siku chache mtu huyo akatokea Muheto, mlangoni kwake. Alijitaja kuwa Élysée, wa Buleusa, kule Walikale. Mkononi alikuwa na kopo la bati, na ndani yake kalamu za maji zimelala kwa mpango, za aina ambayo Annonciata aliwahi kuiona Goma tu, nyuma ya kioo. Alitaka sura ya mdogo wake aliyepotea. Kopo lingekuwa asante.

Annonciata hakuligusa. Alimuuliza huyo mdogo alikuwaje. Élysée alijua koti lake, alijua anachechemea mguu wa kushoto, alijua na njia aliyopita porini. Kila jibu lilimwongezea mama hofu. Katika milima hii wenye bunduki hutafuta watu, na sura kwenye karatasi inaweza kumuua mtu.

"Alikuwa anacheka namna gani?"

Élysée akatazama chini. "Sijue, Mama."

"Weye unatafuta muntu, hautafute picha. Beba kopo yako."

Tangu hapo aliacha kukaa nje. Jirani yake Athanasie alipomwambia kwamba pengine amemfukuza mfiwa, Annonciata alijiuliza ni nani aliyemtuma kusema hivyo, akaanza kumwogopa na yeye.

Kisha Élysée akarudi, safari hii akimshika mkono mama mzee. Annonciata alimtambua mara moja: Mama Mapendo, aliyekuwa akileta mawese sokoni Muheto zamani, kabla ya kukimbia. Mzee ndiye aliyeeleza kwamba yeye ndiye mama yao wote wawili. Élysée alichukuliwa na mjomba wake wakati yule mdogo angali ananyonya, wakakulia mbalimbali. Habari za koti na mguu alizipata kwa waliomzika kijana huko porini, alipokufa kwa homa wakikimbia. Alitaka kumletea mama yake picha bila kumwambia. Neno "amekufa" lilikuwa bado halijamtoka mdomoni, mpaka alipofukuzwa hapa, ndipo akamweleza mama yake yote.

"Na kicheko yake?" Annonciata aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Alikuwa anafunika mudomo na mukono," alisema mzee. "Jino moya ilivunjika, alikuwa anaona haya."

Annonciata akachora kwa kalamu zake nne. Kahawia ikapita juu ya njano, burashi ikafuata, ngozi ikajaa polepole, na mkono ukapanda mdomoni. Mama Mapendo akaomba rangi ya macho iwe nyepesi kidogo, kisha akaivuta karatasi karibu.

"Njo yeye," alisema, akikubali kuwa ndiye mwanawe.

Élysée alisukuma tena lile kopo mbele. Annonciata akalirudisha, akisema atalipokea siku watakapokuwa wamezoeana. Karatasi ilipokauka aliwakabidhi, akawasindikiza mpaka barabarani, akasimama pale kuhakikisha, mpaka alipowaona wameshika njia ya Walikale.