Kifungio Nilichomkatia Mama wa Itaba

Mimi ni mwanamke, fundi wa kushona viti vya magari, na nina ulimi mkali. Nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa. Ufundi niliupata Tanzania nilikokulia, na sisi wakimbizi tuliporudi Burundi nikafungua kibanda changu Gitega, pembeni ya stendi ya mabasi. Mteja wangu mkubwa ni mfanyabiashara mmoja wa Muyinga, Hajji, mwenye mabasi matatu yanayokwenda na kurudi kati ya miji hiyo miwili, wiki ambazo mafuta yanapatikana.

Mwaka juzi alinunua basi jingine, akanipa kazi ya kuvivalisha viti vyake kava za leza, ile ngozi ya bandia. Viti vile vilikuja na mikanda, jambo geni kwetu. Abiria wetu wa nyuma hajawahi kufunga mkanda, na wa mbele huuvuta kifuani anapomwona polisi, akishampita anauachia. Watu wakalalamika kwamba vifungio vya mikanda hiyo vinawachoma nyongani. Hajji akasema nivifunike. Nikashona kava juu yake, vifungio vyote vikalala chini ya leza, na kila aliyekaa akasifu ulaini wa kiti. Mimi mwenyewe nilijisifu kuliko wote.

Aliyesikitika alikuwa mtu mmoja tu, mama wa Itaba, mkulima, ambaye tulirudi naye mwaka uleule kutoka Tanzania. Aliwahi kuteleza mlimani na mzigo wa mihogo, na tangu hapo upande wake wa kushoto ni dhaifu. Gari likikata kona hawezi kujizuia. Hata hivyo kila mwezi huja Gitega kupanda basi la Muyinga, kumwona binti yake aliyeolewa huko na wajukuu watatu. Alinijia kibandani akaniuliza kwa upole kama ninaweza kumtolea mkanda mmoja tu, wa kiti cha pili nyuma ya dereva. Sikufikiri mara mbili. Nilipanda na wembe palepale stendi, nikaipasua leza, nikazikunja kingo na kuzishona vizuri, kifungio kikatokeza nje. Kumbe Hajji alikuwa Gitega siku hiyo. Alinikuta na wembe mkononi, akanigombeza mbele ya abiria wote mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Mi nalipa kava mupya, we unakata?" alisema. "Kesho mutu mwingine atataka, na mwingine. Hii basi iko yangu ama iko yako?"

Nilimjibu kwamba basi ni lake lakini mbavu ni za abiria, nikashuka. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na mimi nilikwenda zangu kweli. Kila mwezi nilimwona mama yule akipita, akinipungia mkono, mara nyingine akiniachia parachichi mbili tatu, nami nikajiona mtu mwema sana. Sikurudi hata siku moja kuuvuta ule mkanda nione kama unashika.

Mwaka huu Hajji aliniita Muyinga. Nilipanda basi la alfajiri, nikamkuta uani kwake amekaa juu ya katoni iliyoingia kupitia mpaka wa Kobero, miwani puani, akisoma barua kwenye simu.

"Mama fundi, iko shida," alisema. "Fabrike yenye ilitengeneza ile basi inasema bukle za mikanda iko mubaya. Inalia tak, we unafikiri imefunga, kumbe haijafunga. Gari ikiyumba, inaachia. Wametuma zingine, wanataka tubadilishe zote." Kisha akatabasamu. "Lakini Mungu ni mwema. Kwetu zote iko chini ya leza. Hakuna mutu anafunga."

Nilicheka naye. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu katika basi zima kilikuwepo kifungio kimoja kilicho wazi, na aliyekifungua ni mimi. Na ilikuwa ndiyo wiki yake ya kuja.

Nilimpigia dereva wa basi lile. Alikuwa amesimama Karuzi, katikati ya njia, kupakia watu.

"Mama wa Itaba yupo?"

"Iko hapa, kwa kiti yake."

"Mtoe hapo. Mweke katikati ya watu wawili wanene."

Nilisikia maneno yakipita huku na kule, kisha dereva akarudi kwenye simu. "Amekataa. Anasema hiyo kiti fundi alimukatia, hawezi kuiacha mbele ya watu."

Hasira ilinipanda. Nilizunguka ua wa Hajji nikisema peke yangu, na kila neno nililomtukana nalo yule mama nilikuwa najitukana mimi. Niliogopa. Milima ya kutoka Karuzi naijua, na niliwaza zile kona moja baada ya nyingine. Hajji aliniletea chai. Chai ikapoa.

Basi liliingia adhuhuri, salama. Yule mama alikuwa ameketi palepale, mkanda kiunoni, kitenge kimefunika mapaja. Sikumsalimia.

"Wewe mwanamke una kichwa cha jiwe," nilimwambia. "Umeambiwa uhame, kwa nini hukuhama? Tazama."

Niliushika mkanda wake nikauvuta mara moja. Kifungio kikaachia bila hata kulia.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hakishiki. Safari ya pili tu, tulipokata kona, kiliachia, nikamwangukia bwana mmoja mwenye trei ya mayai. Hakunisamehe mpaka leo." Akafunua kitenge. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umejikunja pale kifungio kilipokuwa. "Tangu siku ile nakishika hivi mpaka tufike."

"Karibu miaka miwili? Kwa nini hukuniambia? Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ulitukanwa mbele ya basi zima kwa ajili yangu, fundi. Nije tena niseme ulichonipa hakifai? Hajji angekucheka. Mtu akikupa kiti ukae, unaanza kwa kuitikisa miguu yake?"

Mimi nilikuwa nautazama ule mkono wa kulia, ndio mkono wake pekee wenye nguvu. Kabla sijamkatia mkanda, alisafiri akishika chuma cha kiti cha mbele kwa mkono huo, na chuma kile hakijawahi kumwachia mtu. Nilimpa mkanda usioshika, naye akautoa mkono kwenye chuma ili ausaidie mkanda wangu usiniaibishe. Nililia palepale, Hajji akiniona.

Hajji alikohoa. "Kata zote, mama fundi," alisema. "Kila kiti."

Siku mbili nilipasua leza yangu mwenyewe na kufunga vifungio vipya. Kila kimoja nilikivuta kwa uzito wangu wote, mguu ukiwa ukutani mwa basi. Cha kiti chake nilianza nacho, kisha nikakirudia mwisho.

Safari ya kurudi Gitega nilikaa karibu naye. Alifunga mkanda, tukaondoka. Tulipoanza kuteremka kuelekea Karuzi nikaona kitenge kikisogea. Mkono wa kulia ulikuwa umerudi palepale, juu ya kifungio.

"Achia," nilimwambia. "Hiki kinashika, nimekivuta mwenyewe."

"Nitaachia," akasema. "Nipe muda, mkono umezoea."

Nilitaka kuubandua kwa nguvu, kama nilivyozoea kufanya mambo. Badala yake niliweka wangu juu ya wake, tukateremka mlima hivyo hivyo, mikono miwili ikishikilia kifungio kizima.